Siku Nne Nyuma ya Mtakatifu Zita

Wenzangu wa sokoni Kwa Mrombo, kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake kwa nini genge langu lilifungwa siku nne, kwa nini nilirudi miguu imevimba, na kwa nini juzi nilicheka peke yangu. Nimechoka kusimulia vipande vipande. Huyu nimempa mwanzo, yule nimempa mwisho, na katikati mnajazia wenyewe. Sasa nimeandika yote. Mwenye miwani amsomee asiye nayo.

Kutoka Njiro

Mdogo wangu wa mwisho, Nashipai, alikaa Njiro kwa Mama Brenda miaka mitatu, msichana wa kazi. Kazi hiyo nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa hiyo msidhani najisafisha. Mwaka huu nikampatia nafasi katika chuo cha ushonaji mjini. Kuripoti ilikuwa Jumatatu, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Mama Brenda alipoambiwa hakusema hapana. Watu wa namna yake hawasemi hapana. Alisema tuombe kwanza.

Kuomba kwenyewe kukageuka hija. Mama Brenda ni mwenyekiti wa jumuiya yao, nayo jumuiya imechukua jina la Mtakatifu Zita, msimamizi wa wasichana wa kazi, ingawa sijasikia msichana wa kazi hata mmoja aliyeulizwa. Walikuwa wameagiza sanamu yake kutoka Dar. Mpango ulikuwa tuifuate kwa miguu, kutoka Njiro mpaka Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima, kwetu, ambako wametoka nusu ya wasichana wanaoosha vyombo Njiro. Huko, siku ya Jumamosi, kila msichana angepiga magoti mbele ya sanamu, mlezi wake amemwekea mkono begani, na kuahidi kwamba atafuata mfano wa mtakatifu huyu na hataondoka katika nyumba ya bosi wake mpaka bosi atakapomruhusu. Mlezi wa Nashipai ni mimi.

Mtasema, maneno tu, aseme halafu Jumatatu aende zake chuoni. Wako watu wa hivyo, wanaahidi asubuhi na mchana wamesahau. Nashipai si mmoja wao, na kosa ni langu. Mama yetu alipokuwa anakata roho nilimwahidi kwamba hakuna mdogo wangu atakayelala njaa. Nilikuwa darasa la sita. Juma lililofuata daftari zangu niliwashia moto wa uji. Nashipai alikuwa na miaka miwili, na tangu hapo ameiona ahadi ile ikitimizwa kila siku kama ugali unavyosongwa kila siku. Wadogo zangu hawaniiti dada, wananiita Yeyo, yaani mama, kwa Kimaa. Kwa Nashipai, ahadi ni kitu ambacho mtu akikitamka amekwisha. Nilikwenda kuhakikisha hatamki.

Tuliambiwa saa kumi na mbili asubuhi ya Alhamisi. Tukaondoka saa tatu, kwa sababu pikapu ya kumbeba mtakatifu ilikuwa haijapambwa sawasawa. Walifunga riboni, wakachomeka majani ya masale waliyokata kwenye uzio wa Mama Brenda, wakatoa riboni, wakazirudisha. Sanamu yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mwanamke mweupe, kijana, amekunja pindo la nguo na ndani yake yamejaa maua, na kichwani kitaji cha dhahabu. Nilikiona kile kitaji. Nikajiambia watakatifu wote huvaa.

Tulikuwa mabosi sita, wasichana kumi na mmoja, na walezi wachache tuliokubali kuacha shughuli zetu. Mabosi walivaa sare ya kitenge na raba nyeupe kabisa. Raba zile zilitembea mpaka mwisho wa lami ya kwao. Hapo Mama Brenda akagundua kwamba sanamu inatikisika, ni lazima ishikiliwe. Wote sita wakapanda. Sijawahi kuona mtakatifu aliyeshikiliwa kwa bidii namna ile.

Kwa Mrombo

Hapa mlituona wenyewe, kwa hiyo nitasema machache. Mama Rehema alidhani ni kampeni.

"Yeyo! Mnagombea nini?"

"Ufalme wa mbinguni," nikamjibu.

"Na wewe umeokoka lini?"

"Sijaokoka. Nimesindikiza."

Mkacheka, na mlikuwa na haki. Lakini hamkusikia kilichosomwa pale tulipopumzika karibu na wauza viazi. Mama Brenda alikuwa na kijitabu cha maisha ya Zita, na kila kituo alisoma kipande. Kituo cha kwanza kilisema kwamba Zita alizaliwa Italia, zamani sana, katika familia maskini ya wakulima. Alipofika miaka kumi na miwili walimpeleka mji unaoitwa Lucca, kufanya kazi katika nyumba ya mfanyabiashara wa hariri. Alikaa kwenye nyumba ile mpaka kufa, miaka arobaini na nane.

"Arobaini na nane," Mama Brenda akarudia, akiwatazama wasichana mmoja mmoja. "Nyumba moja. Na leo ninyi, miaka miwili tu, mtu anaanza kusema amechoka."

Kijitabu kikaendelea kwamba wafanyakazi wenzake walimchukia, walimpiga, na bosi alimfokea bila sababu, naye akavumilia yote kwa tabasamu. Mabosi wakaitikia amina. Nilitazama kama kuna msichana aliyeitikia. Mmoja alikuwa anatoa jiwe kwenye kandambili.

Tulipoanza tena kutembea nikamvuta Nashipai nyuma.

"Utaahidi?"

"Nafikiria, Yeyo."

"Kuna nini cha kufikiria? Jumatatu chuo kinafunguliwa."

"Wewe ulifikiria kwanza?"

"Sikupata nafasi."

"Mimi nimeipata," akasema. "Mpaka Jumamosi. Niache niitumie."

Nikamwacha. Mjue kwamba Mama Brenda si jini. Nashipai alipougua taifodi, yule mama alikaa naye hospitali siku mbili, akamlisha uji kwa kijiko. Na mtoto wa mwisho wa nyumba ile amelelewa mgongoni kwa Nashipai, halali mpaka amwone. Kama Mama Brenda angekuwa mkatili kazi yangu ingekuwa rahisi. Ubaya wake ni kwamba kijiko kile cha uji hajakisahau, na hataki mtu mwingine akisahau.

Barabara ya Ngaramtoni

Tulipita barabara mpya ya mchepuo, ile ya malori. Jua, vumbi, na litania. Mimi na wasichana tukiitikia "utuombee", na kila lori likipita linapiga honi ya kumkaribisha kila mtakatifu tuliyemtaja.

Saa nane tulisimama kula. Mabosi walishusha hotpoti zao: pilau, kuku, kachumbari, na keki ambayo mmoja wao alikuwa ameoka kwa ajili ya Zita. Wasichana wakafunguliwa ndoo ya wali na maharage iliyopikwa usiku uliopita na wasichana hao hao. Wali ulikuwa umeshikana, ukikata kwa kijiko unatoka kama tofali.

Kijitabu alikuwa amepewa Nashipai akibebe. Nikakichukua nisome huku nasubiri zamu yangu ya ndoo. Mimi shule niliiacha, kusoma sikuacha, hata gazeti la kufungia nyanya halinipiti. Nikaona kurasa mbili za katikati zimebanwa pamoja kwa pini, zile pini za ofisini. Si kwa bahati mbaya, pini tatu. Nikazifungua kwa kucha.

Hapo nikakutana na Zita mwingine. Kumbe wakati wa njaa alifungua ghala la bosi wake akawagawia maskini maharage, siku baada ya siku, bila kumuuliza mtu. Bosi alipotaka kuyapima ayauze, Zita akajificha nyuma ya bibi wa nyumba akitetemeka. Mungu tu ndiye aliyemwokoa: ghala likakutwa limejaa. Kumbe usiku wa Noeli bosi alimwazima koti lake la manyoya aende nalo kanisani, naye akamvika mzee aliyekuwa anaganda mlangoni. Kumbe mkate wa nyumba ile ulikuwa ukitoka kila siku chini ya aproni yake, na siku aliyokamatwa akafungua aproni, yakadondoka maua.

Nikasimama nikasoma kwa sauti. Mabosi waliacha kutafuna.

Msichana mmoja mdogo, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Brenda, akauliza kwa nia njema kabisa, "Kwa hiyo mama, nikiwagawia majirani mchele wa nyumbani, nitakuwa kama Zita?"

"Utakuwa polisi," Mama Brenda akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya upole, "Dada yangu, hizo kurasa ni kwa watu waliokomaa kiimani."

"Basi naona mlizifungia pini msije mkazisoma," nikasema.

Alinikatia kipande cha keki. Nilikila, kilikuwa kizuri.

Ngaramtoni tuliingia jioni, siku ya soko, watu wamefunga mizigo. Pikapu ilikwama katikati ya ng'ombe na mikokoteni, ndipo bibi mmoja aliyekuwa anauza ndizi akaja kuchungulia.

"Shikamoo bibi," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Harusi ya nani?"

"Si harusi bibi, ni hija," Mama Brenda akasema kutoka juu ya pikapu.

"Na bibi harusi si huyo mmemsimamisha?"

"Huyu ni Mtakatifu Zita. Alikuwa mfanyakazi wa ndani."

Bibi akazunguka pikapu upande mmoja, akarudi upande wa pili. "Sisi Walutheri hatuna hao, kwa hiyo siwezi kubisha. Lakini mimi nimefanya kazi za ndani kwa wazungu wa mashamba miaka kumi, na hiyo ya kichwani sikupewa."

"Ni taji la utukufu, bibi. Alipewa mbinguni."

"Aaa. Baada ya kufa." Bibi akatikisa kichwa, ameridhika. "Hapo sawa. Ndiyo kawaida yao."

Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Brenda akasema tuanze rozari. Tulilala kwenye ukumbi wa parokia, na kuhusu usiku sina la kusema, tulikuwa tumekufa kwa uchovu.

Kupanda Oldonyo Sambu

Ijumaa ndiyo siku iliyoniumiza miguu. Barabara inapanda, upepo unatoka upande wa Longido na vumbi lake lote, na Mlima Meru uko kuliani unakutazama tu. Saa nne pikapu ikachemsha. Dereva akafungua boneti, akafunga, akafungua tena, akasema isubiri ipoe. Mabosi walisubiri kwa nusu saa ndani ya gari, kisha joto likawashusha.

Sasa mtakatifu atabebwa na nani? Ni plasta, ana uzito wa gunia la mahindi. Wasichana wakatafuta miti miwili, wakafunga kitenge, wakamlaza mtakatifu kama mgonjwa anayekimbizwa zahanati, wakamwinua mabegani. Mabosi wakabeba hotpoti, zilizokuwa tupu.

Mzee mmoja wa Kiarusha aliyekuwa anavusha ng'ombe akavua kofia, akasimamisha kundi lake zima barabarani, akatupa pole ya msiba. Nikamwambia kwa Kimaa kwamba hajafa mtu. Akatazama yale mabega ya wasichana, akatazama zile hotpoti, akasema, "Bado," akapiga mluzi, ng'ombe wakaendelea.

Hapo barabarani Mama Brenda alinifikia. Alikuwa anachechemea, raba zimegeuka rangi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kidogo. Haikudumu.

"Dada, huko kwenu, wapo wasichana wengine waliotulia? Wenye kumcha Mungu? Wenzangu watatu hawana watu kabisa."

Nikasimama. Nilikuwa nimejiuliza tangu Njiro kwa nini hija iende kwetu. Mbona isiende mahali penye kanisa kubwa, penye chemchemi, penye chochote? Nikawakumbuka mabosi watatu, jinsi walivyokuwa wakiwatabasamia watoto wa kike njiani, wakiwauliza wako darasa la ngapi. Tulikuwa tunampeleka mtakatifu gulioni.

"Wapo," nikasema. "Wako shuleni."

Nilipomfikia Nashipai, bega lake lilikuwa jekundu kwa mti. Nikamwambia nimpokee, akakataa.

"Yeyo, unajua nilichokuwa nafikiria? Zita alikaa miaka arobaini na nane. Hawajaandika kama aliahidi. Nimesoma kijitabu chote, hata zile za pini. Hakuahidi mtu. Alikaa tu, kila siku."

"Sasa hiyo maana yake nini?"

"Sijui bado," akasema, akabadilisha bega.

Kigangoni

Kigango chetu hakina padre wa kudumu. Kina katekista, aliyenifundisha mimi komunyo ya kwanza, na aliyemzika mama. Ni mtu mkali, hapendi kusumbuliwa, na Jumamosi asubuhi alichelewa saa nzima kwa sababu ndama wake alikuwa anaharisha. Alitokea na gambuti zenye samadi. Kanisa lilikuwa limejaa, mtakatifu amewekwa mbele ya altare na mishumaa, mabosi sita kwenye viti vya mbele. Nje, mama zetu wa kigango walikuwa wamepika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, sufuria mbili kubwa.

"Shikamoo Baba Katekista," Mama Brenda akamwamkia. "Tumemleta Mtakatifu Zita."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Si huyu hapa?"

Katekista akasogea, akainama, akatazama miguu ya sanamu, akapanda taratibu mpaka kichwani. Halafu akaanza kucheka. Alicheka vibaya, kicheko cha mtu asiyecheka mara nyingi.

"Mama, huyu si Zita."

"Samahani?"

"Mimi nilifukuzwa seminari. Kila mtu hapa anajua. Lakini kabla ya kufukuzwa nilifuta vumbi la watakatifu wote miaka minne. Zita ana funguo kiunoni, za stoo. Hana taji, angelipata wapi? Huyu ni Elizabeti wa Hungaria. Binti wa mfalme."

"Lakini maua!" mmoja wa mabosi akasema. "Maua kwenye nguo!"

"Wote wawili wana maua. Wote walikutwa wakiiba mkate nyumbani na kuwapelekea maskini, mkate ukageuka maua. Mmoja mfanyakazi, mmoja bibi wa jumba. Mungu hakuona sababu ya kutunga muujiza wa pili."

Siku mbili, kilomita zote zile, wasichana kumi na mmoja wamembeba mabegani binti mfalme huku wakiambiwa wamtazame mwenzao. Nilitamani yule bibi wa ndizi awepo.

Katekista alikuwa hajamaliza. Alichukua kadi moja ya ahadi, akaisoma kwa mkono ulionyooshwa kwa sababu ya macho yake. "'Mbele ya mtakatifu huyu naahidi kufuata mfano wake.' Vizuri. Mfano wa huyu mnaujua? Mume alipokufa alitoka kwenye ngome akakaa na wasichana wake wa kazi. Aliwakataza kumwita bibi, wamwite Elizabeti. Aliwakalisha kando yake, wakala sahani moja. Na vyombo aliviosha yeye. Walipomzuia aliwatuma mbali, ili wakirudi wakute vimeshaoshwa." Akarudisha kadi. "Kwa hiyo wa kupiga magoti hapa ni ninyi mliokaa mbele. Vyombo viko nyuma."

Mama zetu wa kigango walipiga vigelegele. Nadhani walidhani ni sehemu ya ibada.

Ningependa kuwaambia kwamba mabosi waliona aibu wakaenda kuosha. Mmoja alikwenda kweli, yule mdogo wao, aliyeoka keki. Alikunja kitenge akaingia kwenye masufuria. Lakini Mama Brenda ni mtu wa mikutano. Alisimama, akasubiri watu watulie, akasema kwamba Mungu haangalii plasta, anaangalia nia. Nia yetu ilikuwa Zita, basi sala zimefika kwa Zita. Ahadi ziendelee. Katekista akakuna shingo. Kwa upande wa imani, akakiri, hakuwa na la kupinga hapo.

Nami nikaona kwamba kicheko chote kile hakijabadilisha kitu. Jumatatu ilikuwa pale pale.

Wakaanza kuita. Wa kwanza akapiga magoti, shangazi yake akaweka mkono, akasoma kadi, akainuka. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu ni Nashipai.

Alipiga magoti. Nikaweka mkono begani, pale palipochubuliwa na mti. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Njiro, makali, ya kumwaibisha Mama Brenda mbele ya watu wote. Yote yalinikauka. Kadi ilikuwa mkononi mwake na alikuwa anaitazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Mama Brenda aliinama karibu naye.

"Soma, mwanangu. Usiogope."

"Siogopi, mama." Akainua uso. "Mama, wewe ulinilisha uji hospitali. Sijasahau na sitasahau. Ukiugua nitakuja nikulishe. Hilo sihitaji kuliahidi, nitalifanya tu."

"Najua, mwanangu. Sasa soma."

"Hii siwezi. Yeyo alimwahidi mama yetu, akiwa mtoto. Nimemwona akiitimiza. Nimemwona anarudi sokoni na homa. Mwanamume aliyetaka kumwoa kwa sharti atuache nilimwona akiondoka getini, na Yeyo akaingia ndani akasonga ugali. Mimi najua ahadi inakula kiasi gani. Nikikuahidi nitakaa kwako mpaka nizeeke, kwa sababu mimi nikiahidi nafanya. Ndiyo maana siahidi."

Akamrudishia kadi kwa mikono miwili, kwa heshima, kama tulivyomfundisha. Akainuka.

Wenzangu, yule mwanamume nilidhani Nashipai hakumwona. Alikuwa na miaka saba.

Nilimfuata nje. Nyuma yetu nilisikia Mama Brenda anaita jina la nne, na kimya, na jina la tano, na kimya. Wale wawili wa mwanzo walikuwa wameshaahidi, na hilo bado linaniuma. Wengine nane tuliwakuta kwenye loshoro.

Kurudi

Jumapili tulirudi na gari la abiria, mimi na Nashipai, kwa sababu pikapu ilikuwa imejaa mabosi na mtakatifu. Kabla ya kuondoka tulipita kaburini kwa mama. Nashipai aling'oa magugu upande wake, mimi upande wangu. Tulipomaliza akajifuta mikono.

"Yeyo, mimi ndiye wa mwisho. Nimeshiba."

"Naona."

"Basi ahadi yako imekwisha."

Kwenye gari nilikaa dirishani, naye akasinzia begani kwangu mpaka Sakina. Jumatatu asubuhi aliripoti.

Wiki iliyopita nilipeleka mboga Njiro nikaingia kanisani kwao kupumzika. Mtakatifu yuko pale pale, pembeni, na chini yake pameandikwa Zita. Taji wamelipaka rangi nyeupe lionekane kilemba. Kazi imefanywa ovyo, dhahabu inachungulia nyuma ya masikio, na kiunoni wamemfunga funguo mbili za kufuli la kawaida.

Na juzi, kama mlivyoona, Mama Brenda alikuja gengeni mwenyewe. Alikuwa amepungua. Alichagua nyanya muda mrefu, zote zilikuwa sawa.

"Nashipai anaendeleaje?"

"Anashona vizuri. Amekusalimia."

"Mtoto anamlilia kila jioni." Akageuza nyanya. "Dada yangu, kweli humjui msichana mwingine? Hata wa miezi miwili. Vyombo vimenizidi."

"Mama Brenda," nikamwambia, "unaye mmoja pale kanisani, amesimama bure. Vyombo anavijua, ni sifa yake. Ila ukimpeleka nyumbani, itabidi ukae naye mle sahani moja."

Alinitazama. Nilidhani atakasirika. Akaweka nyanya tano kwenye mfuko, akanilipa, akaondoka polepole akipita kwa Mama Rehema. Nanyi hapo ndipo mliponiona nacheka.